UZI WA KITAALAMU: Reli ya chini ya ardhi kutoka Bwaise hadi Kibuye, jijini Kampala, ingechimbwaje?

#1 Mpimaji_KLA

Wakuu, kila foleni ikikaza Wandegeya kuna mtu anaandika "tuchimbe reli ya chini kama Cairo". Haya, tuchimbe, ila hapa uzini kwanza. Ukitaja kitu, weka na kipimo chake. Mambo ya nani kala nini yana nyuzi zake.

Mstari huu wa mfano ni wetu sisi, si wa serikali: Bwaise, Kavule, Wandegeya, Taxi Park ya zamani (stendi ya teksi za abiria, yaani daladala), Katwe, Kibuye. Ni kama kilomita 7. Mahandaki mawili sambamba, moja la kwenda na moja la kurudi, kipenyo cha ndani m 5.8. Stesheni 6.

Nimechagua kaskazini–kusini makusudi. Mashariki–magharibi tayari ipo njia ya reli ya mita moja (upana kati ya vyuma viwili) iliyofika Kampala mwaka 1931, na kuiboresha hiyo ni nafuu mno kuliko kuchimba. Bombo Road haina mbadala, ni teksi na boda tu.

Msimamo wangu nauweka mapema mnikosoe vizuri: mashine ya kuchimba itapita. Stesheni ya bondeni pale Taxi Park ndiyo itakayoamua kama mstari huu unajengeka au la.

#2 Zege_na_Nondo

Naanza na handaki lenyewe. Ndani m 5.8, pete ya zege (ndiyo ukuta wa handaki) unene wa mm 275, kwa hiyo nje ni m 6.35. Kichwa cha kukatia kiwe m 6.6. Hizi ndizo namba zinazofuatana:

Udongo unaochimbwa ni m³ 34.2 kwa kila mita ya handaki. Zege ya pete ni m³ 5.25 kwa mita. Nafasi inayobaki kati ya pete na ardhi ni m³ 2.5 kwa mita, na hiyo lazima ijazwe grauti (uji wa saruji) hapo hapo pete inapotoka kwenye mkia wa mashine. Weka ziada ya asilimia 15 hadi 30, maana nyingine hupenya ardhini.

Pete moja ina upana wa m 1.4, vipande 6 pamoja na kile kidogo cha kufungia, uzito wake kama tani 18. Mashine inachimba m 1.4 huku jeki zake zikisukuma dhidi ya pete ya mwisho, inasimama, mkono wa mashine unapanga vipande 6, inaendelea. Timu ikishazoea, pete 10 kwa siku ni kasi ya kawaida, yaani m 14. Miezi 3 ya mwanzo usitarajie hata nusu yake.

Kwa mahandaki yote mawili, bila kutoa urefu wa stesheni: pete 10,000, vipande 60,000, zege m³ 73,500. Saruji kilo 420 kwa m³ ni tani 30,900, sawa na mifuko zaidi ya 617,000 ya kilo 50. Tororo na Hima wanaweza. Tatizo ni usahihi wa vipande. Kalibu ni ya chuma na kosa linaloruhusiwa ni chini ya mm 1. Kipande kikipinda, raba ya kuzuia maji pembeni mwake haikandamizwi sawasawa, na pete itavuja miaka 100.

#3 Kondakta_Kisekka

Mimi si mhandisi, nauliza tu. Kwa nini msiingie chini kabisa, m 60 huko, mpite chini ya kila kitu, vilima na mabonde, mstari mnyoofu? Udongo wenyewe utapelekwa wapi?

#4 Mpimaji_KLA

@Kondakta_Kisekka swali zuri, ssebo. Kuchimba kwenyewe hakutishiki sana na kina. Stesheni ndiyo inayotishika. Abiria wa m 60 anahitaji eskaleta tatu au nne zinazofuatana, lifti kubwa, na njia ya kutoka moto ukiwaka. Kanuni ya NFPA 130 ya Marekani, inayotumiwa hata nje ya nchi hiyo, inataka jukwaa liwe tupu ndani ya dakika 4 na watu wafike mahali salama ndani ya dakika 6. Kwa kina cha m 20 inawezekana kwa ngazi pana. Kwa m 60 unalipia vyumba vya kukimbilia, feni na milango ya moto, na gharama ya stesheni inapaa.

Kukaa juu juu nako kuna bei yake. Kampala ni vilima na mabonde, na treni ya gurudumu la chuma haipendi mteremko unaozidi asilimia 4. Ukitaka kushuka m 30 kwa mteremko wa asilimia 3, unahitaji kilomita nzima. Kwa hiyo reli haiwezi kufuata sura ya ardhi: chini ya Wandegeya itakuwa ndani zaidi, chini ya bonde la Nakivubo, pale Taxi Park, itakuwa karibu na juu. Tena huko karibu na juu ndiko kwenye udongo mbaya.

Kuhusu udongo: pete 10 kwa siku ni m³ 480 zikiwa ardhini. Zikitoka zinavimba, zinakuwa kama m³ 720, yaani lori 60 za m³ 12 kwa siku kwa mashine moja. Mashine mbili, lori 120. Na unatoka umelowa povu la kulainishia, ni tope. Lazima kuwe na mabwawa ya kuukausha kabla haujapanda lori, la sivyo barabara nzima itapakwa. Usafiri huo ufanyike usiku. Na ole wake atakayeumwaga kwenye kinamasi cha Lubigi, Sheria ya Mazingira ya 2019 ipo. Yatafutwe machimbo yaliyoachwa.

#5 Nyundo_ya_Mwamba

Mmeruka hatua. Kabla ya kuzungumzia mashine, tujue inakwenda kukata nini.

Juu ya vilima vyetu kuna kofia ya moramu ngumu. Chini yake udongo mwekundu uliotokana na mwamba kuoza palepale, mara nyingine kina cha m 20 na zaidi. Chini yake mwamba nusu-mbovu, halafu ndiyo mwamba mzima: shisti, filaiti, kwatsaiti, naisi. Mabondeni ni kitu kingine kabisa: mboji ya mafunjo, udongo wa mfinyanzi laini, mchanga uliobebwa na maji.

Maana yake ni kwamba mashine itakutana na uso mchanganyiko mara nyingi, nusu ya juu udongo, nusu ya chini mwamba. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Visu vya duara vinagonga mwamba upande mmoja na kuzunguka bure upande wa pili, vinavunjika. Mwamba unapunguza kasi hadi mm 5 au 10 kwa dakika, huku udongo wa juu ukiendelea kumiminika ndani ya kichwa. Mwendeshaji anaona mashine inasonga taratibu na kudhani mambo ni sawa, kumbe kila pete anatoa m³ 60 badala ya 48. Hizo m³ 12 zimetoka chini ya duka la mtu.

Dawa yake haina siri: pima udongo wa kila pete kwa njia mbili, mzani kwenye mkanda na ujazo kwenye behewa, na weka kikomo. Ukizidi asilimia 5 mfululizo, simamisha.

Mashine iwe ya aina ya kubana udongo usoni, ile yenye chumba cha mgandamizo na parafujo la kutolea udongo. Kichwa kiwe na visu vya mwamba vya inchi 17 pamoja na meno ya udongo. Mfinyanzi mwekundu unanata. Bila povu na maji ya kutosha utaziba katikati ya kichwa na kuiva kwa joto la msuguano hadi uwe tofali.

Mashimo ya utafiti: kila m 50 kwenye njia, kila m 25 kwenye stesheni, na yashuke angalau kipenyo kimoja na nusu chini ya sakafu ya handaki. Yachimbwe pembeni ya njia, yasiwe juu ya handaki lenyewe. Yakimalizwa yazibwe kwa grauti kuanzia chini kwenda juu. Shimo lililoachwa wazi ni bomba: mashine ikifika hapo, povu na mgandamizo hutokea katikati ya barabara.

#6 Boda_Mhandisi

Kwenye bwawa la umeme la Karuma tumechimba chini ya ardhi, mitambo 6 ya MW 100 kila mmoja, na mahandaki ya kutolea maji zaidi ya kilomita 8. Kwa nini tuagize mashine ya bei mbaya? Baruti zipo.

#7 Nyundo_ya_Mwamba

@Boda_Mhandisi Karuma ni mwamba mgumu na juu yake hakuna arkedi (majengo ya maduka) za ghorofa 6. Baruti inafaa pale mwamba unapojishikilia wenyewe kwa saa kadhaa hadi uupulizie zege na kupigilia nondo. Udongo mwekundu wenye maji haukupi hata dakika. Mafundi wa Karuma wana kazi hapa: njia za kuunganisha mahandaki mawili, ambazo NFPA 130 inataka zisipishane zaidi ya m 244, na shimo la Wandegeya kama mwamba utakuwa juu. Lakini kuchimba njia nzima kwa baruti katikati ya mji, hapana.

#8 Binti_Kinamasi

Sasa tufike Nakivubo, maana mnapazunguka tu.

Kwanza handaki lenyewe. Mita moja ya pete ina uzito wa tani 13.1. Mita hiyo hiyo inasukuma kando maji ya tani 31.7. Likizungukwa na maji, handaki linataka kuelea kwa nguvu ya tani 18.6 kwa kila mita. Kinacholizuia ni uzito wa udongo ulio juu yake. Mfinyanzi ukiwa ndani ya maji unabaki na kama tani 0.8 kwa m³, kwa hiyo m 3.7 za mfinyanzi zinatosha kwenye karatasi, na mtu mwenye busara ataweka kipenyo kizima, m 6.6. Lakini mboji ya mafunjo ndani ya maji inabaki na tani 0.05 hivi. Haina uzito. Ukihesabu m 5 za mboji kama kifuniko, umehesabu hewa. Kwa hiyo kwenye bonde kina kipimwe kuanzia chini ya mboji, si kuanzia lami.

Pili, boksi la stesheni, yaani chumba kizima cha zege kilichozikwa. Nachukua urefu m 180, upana m 22, sakafu ikiwa m 20 chini ya barabara, maji ya ardhini m 2 tu chini ya barabara (msimu wa mvua ni hapo au juu zaidi). Maji yanasukuma sakafu kutoka chini kwa kPa 180 hivi, kama tani 18 kwa kila m². Zidisha kwa eneo la m² 3,960: kama tani 71,000 zinazotaka kuinua stesheni.

Uzito wa kupinga: kuta za zege za m 1 zinazomwagwa ndani ya mtaro wa bentonaiti (tope linaloshikilia kingo zisibomoke), zikishuka hadi m 32, tani 27,500 baada ya kutoa mwelo (nguvu ya maji ya kuinua) wa sehemu ya chini. Sakafu ya m 1.5, tani 13,300. Paa la m 1.2, tani 10,700. Ghorofa ya kati, tani 5,300. Udongo wa m 2 juu ya paa, tani 12,800. Jumla kama tani 69,600.

Haitoshi. Na kanuni inataka uzidi kwa angalau asilimia 5, kwa hiyo upungufu ni tani 5,000 na kitu, na msuguano wa kuta sijauhesabu kwa sababu kwenye mboji hauaminiki.

#9 Zege_na_Nondo

Ongeza sakafu sm 50 tu, dada. Nondo zipo.

#10 Binti_Kinamasi

Sm 50 za sakafu zinaleta tani 4,450. Lakini umechimba sm 50 zaidi, na maji yameongeza msukumo wa tani 1,980. Faida ni tani 2,470, nusu ya unachohitaji, na kuta zimepata mzigo zaidi. Nguzo za mvutano, zinazozikwa chini ya sakafu kuizuia isielee, ni bora: zikiwa za tani 100 kila moja, 55 zinaziba upungufu, mimi ningeweka 90 ili ufikie asilimia 10. Zichimbwe kutoka juu kabla ya kuchimba boksi, si baadaye ukiwa chini na maji yanachemka miguuni.

La hatari zaidi ni wakati wa ujenzi, paa bado halijafunikwa udongo. Hapo msukumo unapunguzwa kwa visima vya pampu ndani ya boksi, visivyozimwa usiku wala mchana. Maji yakipita chini ya ukuta kwa sababu haukufika kwenye tabaka linalozuia maji, unaanza kuvuta maji ya mtaa mzima. Ukishusha maji ya nje kwa m 3, umeongeza kPa 30 kwenye mboji. Mboji inakunjika, na majengo ya pembeni yanatitia bila mashine kuwa hata imewashwa. Kwa hiyo vihisi vya maji viwekwe nje ya ukuta mwaka mzima kabla ya kuchimba, na visima vya kurudishia maji viwe tayari.

#11 Umeme_33

Nadakia kwenye pampu. Mashine moja inakula MW 2 hadi 4, iletewe laini ya 11 kV au 33 kV kutoka vituo viwili tofauti. Kuzalisha tunazalisha, Karuma, Bujagali na Isimba zipo. Laini ya mtaani ndiyo inayokatika. Umeme ukikatika dakika 30 mashine haifi, jeki zinashikilia kwa vali. Kinachokufa ni grauti ndani ya mabomba: ikiganda, unabomoa bomba zima. Pampu za boksi, taa, hewa na mfumo wa mgandamizo wa kichwa viwe kwenye jenereta inayowaka yenyewe ndani ya sekunde 15. Jenereta ya pili ya akiba, na dizeli ya saa 48 palepale.

#12 Mzee_wa_Reli

Wanangu, mmesahau reli iliyopo. Mstari wenu utapita chini ya njia ya kwenda Nalukolongo. Hesabu ya kutitia ni fupi: handaki likiwa m 18 chini, udongo uliopotea (uliotoka zaidi ya ujazo wa handaki) ukiwa asilimia 1, juu ardhi inashuka mm 15 katikati, na bonde lake linaenea kama m 27 kila upande. Ukiibana kazi hadi asilimia 0.5, ni mm 7 au 8. Mahandaki mawili, karibu uongeze mara mbili pale yanapoingiliana. Reli ya mita moja inavumilia hilo ukipunguza mwendo wa treni na kuwa na genge la kuinua na kushindilia kokoto papo hapo. Duka la matofali lisilo na msingi wa maana halivumilii.

Tahadhari iwe mm 10, kusimama mm 20. Vipimo kila saa 4 mashine ikiwa ndani ya m 50, na aangalie mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi bila kumpigia simu bosi.

Ajali kubwa nyingi za kazi hii zimetokea kwenye mashimo yaliyo wazi na kuta zake. Singapore, tarehe 20 Aprili 2004, Nicoll Highway: mihimili ya kukinga kuta ilishindwa kwenye maungio yake, watu 4 wakafa, na vipimo vilikuwa vimeshaanza kuonyesha hatari kabla. Cologne, tarehe 3 Machi 2009: kasoro kwenye ukuta wa shimo la reli, maji na mchanga vikaingia, jengo la nyaraka za mji likaporomoka na watu 2 wakafa. Shanghai 2003 ilikuwa njia ya kuunganisha mahandaki, walipogandisha ardhi kwa baridi na ubaridi ukashindwa.

#13 Mama_Arkedi

Banange, nyie mnapita chini ya viwanja vya mailo (ardhi ya hati ya kudumu) vya watu mkihesabu tani. Mwenye hati anapata nini? Na mwenye kibanja, anayekaa juu ya ardhi ya mwenye hati?

#14 Mpimaji_KLA

@Mama_Arkedi Kifungu cha 26 cha Katiba ya 1995 kinataka fidia ya haki, tena kabla ya kuchukua. Kwa stesheni na mashimo ya kuingizia mashine hakuna ujanja, ni ununuzi wa eneo na fidia kwa wote wawili. Ndiyo maana njia ifuate barabara kadiri inavyowezekana. Kwa handaki la kina ni haki ya kupita chini, pamoja na masharti ya msingi: mwenye kiwanja asije baadaye akashusha nguzo za m 20 juu ya reli.

Kabla ya mashine kufika, kila jengo ndani ya m 30 lipigwe picha chumba kwa chumba, kila ufa uwekewe kipimo na tarehe, na mwenye nyumba asaini na kubaki na nakala. Bila hiyo, kila ufa wa tangu enzi za babu utakuwa wa reli, na ufa wa reli utaitwa wa babu.

#15 Nyundo_ya_Mwamba

Kwenye mlango wa boksi msiweke nondo za chuma pale mashine inapotoboa ukuta. Wekeni nondo za nyuzi za kioo, visu vinazikata. Nyuma ya ukuta paandaliwe tofali kubwa la udongo uliochanganywa na saruji, refu kuliko ganda la mashine, ili maji yasipenye kabla raba ya mlango haijabana. Mashine nyingi hupoteza udongo pale pale mlangoni.

#16 Binti_Kinamasi

Na mafuriko. Zhengzhou, China, tarehe 20 Julai 2021, maji ya mvua yaliingia kwenye mstari wa 5 na watu 14 wakafa ndani ya treni. Bwaise na Nakivubo hufurika kila msimu. Kila mlango wa abiria, kila tundu la hewa na kila lifti viwe juu ya kiwango cha mafuriko ya miaka 100 na nusu mita ya ziada, pamoja na vizuizi vya kuchomeka mlangoni. Panda kwanza, ndiyo ushuke.

Na stesheni ya bondeni isiwe ndiyo sehemu ya chini kabisa ya reli. Kila uvujaji na maji ya zimamoto yatakuja jukwaani. Shimo la pampu liwe m 150 kabla ya stesheni, na reli ipande kidogo kuingia jukwaani. Treni inapunguza mwendo yenyewe ikipanda, unaokoa hata breki.

Kwa hesabu zote hizo pendekezo langu ni hili: boksi la mjini liondoke kwenye sakafu ya bonde, lipande m 250 hivi kuelekea bega la kilima, kwenye Kampala Road. Kule mboji haipo, mwamba mbovu uko karibu, kuta zinashika, na nguzo za mvutano zinapungua au kuisha kabisa.

#17 Kondakta_Kisekka

Mwenye furushi la soko la Owino kichwani hapandi m 250 kufuata treni. Atachukua boda, na reli yenu itabaki na wafanyakazi wa ofisini tu.

#18 Binti_Kinamasi

@Kondakta_Kisekka Apite chini kwa chini. Njia ya waenda kwa miguu upana wa m 8, m 4 chini ya barabara, inachimbwa wazi kwa vipande vya m 20 na kufunikwa. Mlango wake uwe ukingoni mwa Taxi Park, kizingiti juu ya mafuriko. Mteremko wa asilimia 5, mkokoteni unapita. Sehemu inayokanyaga mboji ni mlango tu, na mlango unaweza kukaa juu ya nguzo.

#19 Mpimaji_KLA

Hiyo inabadilisha mchoro wangu. Reli inabaki juu zaidi pale mjini, kisha inashuka baada ya stesheni kupita chini ya mfereji wa Nakivubo. Kwa m 250 na mteremko wa asilimia 3 tunapata mshuko wa m 7.5 tu. Mboji ikiwa nene kuliko m 4 pale mferejini, mshuko hautoshi, na itabidi Katwe isogezwe kusini au jukwaa la mjini lishuke tena.

Kwa hiyo mashimo ya utafiti ya kwanza yasiwe Bwaise. Yawe 6, m 25 kwa m 25, kutoka ukuta wa mfereji kupanda kuelekea Kampala Road, na kila moja lirekodi unene wa mboji kwa sentimita. @Nyundo_ya_Mwamba, weka hapa aina ya mtambo wa kuchimbia utakaosimama kwenye udongo ule bila kuzama.

#20 Nyundo_ya_Mwamba

Mtambo mdogo wa minyororo, chini ya tani 5, juu ya mbao za m 6. Kwenye mboji tumia bomba la kuchukulia sampuli la pistoni, la mm 100. Kipimo cha kugonga kwa nyundo hapo hakisemi kitu, bomba linashuka kwa uzito wake lenyewe.